Amir Khusrau hakuunda sitari, na mengine wanayoniambia wanafunzi

Nafundisha sitari, ala ya nyuzi ya India. Karibu kila mwanafunzi mpya huniambia kwamba ala hii iliundwa na Amir Khusrau, mshairi wa Delhi, na wengine humpa na tabla pia, zile ngoma mbili ndogo zinazopigwa kwa vidole. Nimechoka kusahihisha jambo hili mtu mmoja mmoja.

Khusrau alifariki mwaka 1325. Aliandika sana, na muziki aliujua vizuri, lakini sitari haimo katika maandishi yake. Hata ukishuka hadi barazani kwa mfalme Akbar, zaidi ya karne mbili baadaye, hutaikuta. Tansen, mwanamuziki wa baraza hilo, alikuwa bingwa wa dhrupadi, mtindo wa kale wa uimbaji, na dhrupadi ina ngoma yake, pakhawaji, na kinanda chake cha nyuzi, rudra vina. Sitari inaonekana waziwazi Delhi katika karne ya 18, enzi ya mfalme Muhammad Shah. Watafiti wengi huihusisha na mwanamuziki wa zama hizo aitwaye Khusrau Khan. Majina yakafanana, na sifa ya mpigaji asiyejulikana ikamwendea mshairi maarufu.

Uvumi huu unafuta jasho la mafundi, na hilo ndilo linaloniuma. Sitari ilianza kama kinanda cha shingo ndefu cha jamii ya vile vya Waajemi, chenye nyuzi chache. Mafundi wakaibadilisha kizazi baada ya kizazi. Katika karne ya 19 wakaongeza nyuzi za tarabu, ambazo kwa kawaida hazipigwi bali huitikia zenyewe nyuzi za juu zinapolia. Leo sitari nyingi zina nyuzi 18 hadi 21. Vyuma vya shingoni vimepinda ili nyuzi za tarabu zipite chini yake, na vimefungwa kwa uzi ili visogezwe kulingana na raga, yaani mpangilio wa sauti unaopigwa. Mwanafunzi anayedhani ala ilishuka kamili kutoka kwa mtu mmoja huogopa kuvigusa. Visogeze! Ndivyo vilivyokusudiwa.

Kwamba tabla ni pakhawaji iliyokatwa vipande viwili ni hadithi tu. Ngoma ya kulia ni ya mti, ya kushoto kwa kawaida ni ya chuma, na maumbo yake hayafanani.

Hamoniamu, kinanda cha vibonye kinacholia kwa upepo, nayo si ya kale India. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa wameizoea pamoja na tabla, hivyo hudhani zote zina asili moja. Hamoniamu ilitoka Ufaransa, kwa Alexandre Debain, miaka ya 1840. Baadaye Dwarkanath Ghose wa Kolkata akatengeneza ya kupigwa mtu akiwa ameketi chini, mkono mmoja ukivuta upepo. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku mwaka 1940 hadi 1971, kwa kuwa haiwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Sarangi, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, inaweza, na ningependa kila mwimbaji aanze na hiyo.

La mwisho: eti mpiga sitari hahitaji kuimba. Anahitaji. Katika muziki huu sauti ya mtu ndiyo kiongozi, na Vilayat Khan, bingwa wa sitari, alijenga upigaji wake wote juu ya uimbaji. Washa tambura, ile sauti ya msingi isiyokatika, imba kifungu mpaka kikae kooni, kisha ndipo uguse waya.