Hewa kwanza, tabo baadaye

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni hili: "Fundi, nina injini ya lita 2, niweke tabo gani?" Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi wa injini, nyingine, kompresa, inashindilia hewa ndani ya injini. Siwezi kulijibu swali hilo. Ni sawa na kumpelekea mshonaji kitambaa ukamwambia akate suruali bila kukupima. Kwanza nami huuliza matatu: unataka hospawa ngapi, injini itakuwa kwenye mizunguko mingapi muda mwingi, na gari litatembea usawa wa bahari au milimani. Hospawa kila mtu anazo mdomoni. Hayo mawili mengine wengi hawajawahi kuyafikiria.

Hata mimi sikuyafikiria. Gari langu la kwanza la mradi lilikuwa na injini ya lita 1.8. Nikapata kwa bei nafuu tabo iliyotoka kwenye dizeli yenye ujazo zaidi ya mara mbili, nikajiambia kubwa ni kubwa tu. Ikawa inaamka, yaani inaanza kujaza presha, kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika, na injini ilikuwa inakata kwenye 6,800. Nilibaki na mizunguko 2,000 ya raha. Chini ya hapo gari lilikuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani, maana nilishusha mgandamizo kwa kubadilisha pistoni. Nikipandisha gia, mizunguko inaanguka chini ya pale tabo inapoamka, naanza kusubiri upya. Kwenye mashine ya kupimia nguvu karatasi ilitoka na namba ya kuringia. Barabarani vigari vya kawaida vilikuwa vinaniacha kwenye taa.

Tabo haitengenezi nguvu. Inasukuma hewa, na nguvu inatoka kwenye petroli unayoweza kuchoma kwa hewa hiyo. Kwa injini ya petroli, kilo 1 ya hewa kwa dakika inakupa takribani hospawa 22 kwenye shafti ya injini. Ni kanuni ya mkono, lakini inatosha kuanzia.

Tuchukue lita 2 na lengo la hospawa 300. Gawa kwa 22, unapata kilo 13.6 za hewa kwa dakika. Ramani nyingi za kompresa, yaani michoro ya watengenezaji inayoonyesha kila tabo inaweza kusukuma hewa kiasi gani, zimechorwa kwa ratili, kwa hiyo ziite ratili 30. Sasa tuone injini yenyewe inameza kiasi gani. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko miwili, hivyo kwenye 6,500 inapitisha lita 2 mara 3,250, yaani lita 6,500 kwa dakika. Haijai kikamilifu, tuipe asilimia 90, zinabaki lita 5,850. Kilo 13.6 lazima zienee ndani ya lita hizo, na hilo linawezekana tu hewa ikishindiliwa. Hewa ikiingia kwenye manifoldi, bomba linaloigawa kwa silinda, na nyuzijoto 45, hesabu inatoa baa 2.13 za presha kamili, pamoja na ile ya anga, ambayo kwenye geji utaisoma kama baa 1.1.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na ndipo wanapokosea. Tabo haijui geji yako inasema nini. Inachojua ni uwiano: presha inayotoka kwake igawe kwa presha inayoingia. Intakula, kile kipoza hewa kinachokaa kati ya tabo na injini, na mabomba yanakula kama baa 0.1, kwa hiyo kompresa inatakiwa itoe 2.23. Chujio la hewa nalo linanyonga kidogo, kwa hiyo kinachoingia si 1.01 ya anga la pwani bali kama 0.97. Gawa: 2.3. Andika namba mbili pembeni, ratili 30 na uwiano 2.3.

Kisha lipandishe gari hilohilo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huko ni karibu baa 0.8, na baada ya chujio inabaki kama 0.755. Ili kupata nguvu ileile, uwiano unapanda hadi 2.95. Na kwa kuwa hewa nyepesi inachukua nafasi kubwa zaidi, pointi yako kwenye ramani inapanda juu na kusogea kulia pia. Tabo iliyokuwa imekaa vizuri pwani inaweza kuwa inakimbia kupita mwendo wake kule juu, na shafti yake ni kitu ambacho hata siku ya kawaida kinapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Fundi anayekuuzia tabo bila kukuuliza unaishi wapi, muulize yeye anaishi wapi.

Sasa ramani ya kompresa. Inaonekana kama ramani ya mlima: mistari ya mviringo, na kileleni ndipo ufanisi ulipo mkubwa. Hewa inasomwa kwenda kulia, uwiano kwenda juu. Weka ile pointi yako, ratili 30 na uwiano 2.3. Ikikaa kulia kabisa, nje ya mistari, tabo ni ndogo: inapiga kelele, inachemsha hewa, haiongezi kitu. Hewa ya nyuzijoto 27 ikishindiliwa kwa uwiano wa 2.3 kwenye ufanisi wa asilimia 75 inatoka na nyuzi 135 hivi. Kwenye asilimia 60 inatoka na zaidi ya 160. Geji inasoma presha ileile katika hali zote mbili, ila injini imepewa hewa nyingine kabisa, na hiyo ya moto ndiyo inayoleta kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda. Mwaka 1962, Oldsmobile walipotoa Jetfire, moja ya magari ya kwanza ya kawaida kuuzwa na tabo, waliacha mgandamizo juu kwenye 10.25 kwa 1 na kuzuia kugonga kwa kunyunyizia mchanganyiko wa maji na methanoli. Wateja wakawa wanasahau kujaza tangi lake.

Usiishie pointi moja. Weka ya pili, kwenye mizunguko ya chini kabisa unayotaka presha iwe imejaa. Tuseme 3,000: hewa inashuka kwa uwiano huohuo, kilo 6.3, kama ratili 14. Uwiano wa presha bado ni 2.3. Pointi hii ikiangukia kushoto ya mstari wa kushoto kabisa wa ramani, tabo ni kubwa mno. Kompresa inasukuma hewa ambayo injini haijawa tayari kuimeza, hewa inarudi nyuma, unasikia tu-tu-tu ukiwa umekanyaga mafuta. Vijana wengine wanaupenda mlio huo. Beringi haziupendi hata kidogo.

Upande wa moto, ule wa moshi, ndio unaoamua tabo inaamka lini, na ndio watu wanaouchagua kwa kubahatisha. Kwenye ganda la konokono linalopitisha moshi kumeandikwa A/R, mfano 0.63 au 0.82. Ni eneo la njia ya moshi likigawanywa kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti. Namba ndogo inaubana moshi ukapiga feni kwa kasi, tabo inaamka mapema, lakini juu injini inashindwa kupumua. Namba kubwa ni kinyume chake. Namba hizo usizilinganishe kati ya tabo za familia tofauti, kwa sababu 0.63 ya feni ndogo na 0.63 ya feni kubwa hazipitishi moshi sawa. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, mimi huchagua ganda dogo kila mara, na mwenye gari akilalamika namwambia aendeshe wiki mbili kwanza. Bado hakuna aliyerudi kuomba kubwa.

Kabla ya kulipia chochote, angalia mafuta. Kilo 13.6 za hewa zikichomwa kwa uwiano wa 12 kwa 1 zinataka kilo 1.13 za petroli kila dakika, kama lita moja na nusu. Kwa nozeli nne zinazonyunyizia petroli ni sisi (cc, yaani mililita) 380 kwa dakika kila moja, na kwa kuwa sizifanyishi kazi zaidi ya asilimia 80, natafuta za 480. Za kiwandani kwenye injini nyingi za lita 2 zisizo na tabo hazikaribii hapo.

Ukishafunga kila kitu, tafuta geji ya pili na uiunganishe kwenye manifoldi ya moshi, kabla ya tabo, kwa kibomba kirefu cha chuma ili joto lisiiue. Kanyaga mafuta yote kwenye gia ya tatu na usome geji zote mbili juu kabisa ya mizunguko. Presha ya moshi ikizidi mara mbili ya ile ya hewa inayoingia, ganda ni dogo kwa nguvu unayoitaka. Ikiwa karibu sawa na tabo bado inachelewa kuamka, una nafasi ya kushuka namba moja.