Milioni 50 za kwenye klipu hazijaliwa, hazijafika

Juzi tuko msibani, tumetoka kuzika, watu tumekaa chini ya mwembe tunasubiri chakula, baba mkubwa akaniita. Katoa simu, kaweka klipu ya bungeni, sauti juu mpaka waliokuwa jikoni wakageuka. Naibu waziri anasoma: Serikali imetenga shilingi milioni 50 kwa ajili ya kukamilisha boma la zahanati (jengo lililoishia kuta), anakitaja kijiji chetu kwa jina. Baba mkubwa akaizima, akaniangalia usoni. "Mwanangu, wewe si ulikuwa unafanya kazi na mheshimiwa? Haya, hizo hela mmezipeleka wapi?"

Nilikuwa katibu wa mbunge kwa miaka mitano. Maswali yake mengi niliyaandika mimi, na hili la baba mkubwa nimelisikia kwenye harusi, kwenye daladala, stendi ya Dodoma saa kumi na moja alfajiri, na kwenye grupu la WhatsApp la ukoo usiniulize mara ngapi. Sasa nimechoka kulijibu kwa mdomo, naliandika hapa, siku nyingine nikiulizwa namtumia mtu linki.

Tuanze na yale ya haraka. Mbunge hasimami tu akauliza kinachomjia. Swali la msingi linaandikwa, linapelekwa kwa Katibu wa Bunge wiki kadhaa kabla, linapangiwa siku na namba, na wizara wanakuwa nalo mapema. Unachokiona kwenye TV saa tatu asubuhi, mheshimiwa anasimama anasema "swali langu namba fulani lijibiwe", jibu lake lilishachapwa zamani. Linasomwa tu. Ya papo kwa papo ni yale ya Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, na hayo ni ya kisera, sio ya kalavati la kwenu. Pia ukikosea wizara umepoteza zamu yako: barabara ya TARURA (za vijijini na mijini) jibu lake liko TAMISEMI (wizara ya mikoa na halmashauri), ya TANROADS (barabara kuu na za mikoa) liko Ujenzi, maji ya RUWASA (wakala wa maji vijijini) yako Wizara ya Maji hata kama meneja wake mnakutana naye kila siku sokoni wilayani. Nimeona watu wanamlaumu mkurugenzi wa halmashauri kwa barabara ambayo sio yake kabisa, mwaka mzima.

Na mbunge haleti barabara. Naomba hili lieleweke. Katiba, ibara ya 63, inampa haki ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Ibara ya 99 inamzuia kujipelekea mwenyewe muswada wa kutumia hela ya Mfuko Mkuu wa Serikali, huo mpaka utoke upande wa Rais uletwe na waziri. Kwa hiyo anauliza, anasumbua, anabana kwenye kamati, kwenye bajeti anatishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri (yaani kukwamisha bajeti yake mpaka apewe jibu), lakini hela zenyewe hazishiki. Ana kamfuko ka kuchochea maendeleo ya jimbo, kaliletwa na sheria ya 2009, na ukikagawanya kwa kata zote utapata mabati na mifuko ya saruji, hupati lami.

Haya, sasa nije kwenye kinachonikera hasa, na hapa sitaharakisha.

Majibu ya serikali yana vitenzi, na kila kitenzi kina uzito wake, ila watu wanayasikia yote kama neno moja: "itajenga". Sio neno moja hata kidogo. Waziri akisema serikali "inatambua umuhimu wa barabara hiyo", hujapewa kitu, umepewa heshima. Akisema "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika", hapo kuna karatasi, na karatasi ni kitu maana bila hiyo hata hela ikija haina pa kuanzia, lakini nimeona usanifu uliokaa kabatini mpaka bei zote zilizoandikwa humo zikawa za zamani ikabidi urudiwe. Akisema "itajengwa kadri ya upatikanaji wa fedha", amekwambia hakuna fedha, kwa adabu. Akisema "imetenga", hili ndo la baba mkubwa, maana yake ni kwamba kwenye kitabu cha bajeti kuna mstari umeandikwa hiyo shughuli na mbele yake kuna tarakimu. Basi. Hakuna shilingi iliyotembea. Akisema "imetoa" au "imepeleka", sasa ndo hela imetoka Hazina, na hapo ndo unaruhusiwa kuuliza nani kaila. Akisema "mkandarasi yupo saiti", nenda saiti ukaangalie, usibishane na mtu.

Kati ya "imetenga" na "imepeleka" kuna mto mpana na watu wanadhani ni mtaro wa kuruka. Bajeti inapita Juni, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na tangu miaka ya tisini nchi inaendesha bajeti ya fedha taslimu, yaani Hazina inatoa kadri inavyokusanya. Makusanyo yakiwa chini, au mishahara na deni la taifa vikachukua nafasi yake kwanza (na vinachukua kwanza, kila mwezi), zahanati ya kijiji inasubiri. Inaweza kusubiri mpaka Machi. Inaweza kusubiri mpaka Juni tarehe 28 hela ikaingia siku mbili kabla mwaka haujafungwa na mtendaji wa kijiji akaanza kukimbizana na mafundi. Na inaweza isije kabisa, mwaka ukaisha, na kwenye kitabu kipya ule mstari ukaandikwa tena au ukasahaulika. Soma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinazotoka kila Aprili, hilo pengo kati ya kilichopitishwa na kilichotolewa halikosi humo.

Sasa huku kijijini watu walishajipiga. Hilo boma letu lilisimama kwa nguvu za wananchi, mama zangu walisomba mchanga kichwani, kila kaya ilichanga, ukuta ukafika kwenye renta ukaishia hapo, mvua zinaupiga. Halafu unamsikia waziri anasema milioni 50. Wiki inapita, mwezi unapita, hakuna bati. Mtu atafikiria nini? Atafikiria kuna mtu kala. Anaanza na mwenyekiti wa kijiji, anakuja kwa diwani, anamalizia kwa mbunge. Nimeona mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura za kijiji kizima anazomewa kwenye mkutano mkuu kwa hela ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti yoyote. Aliacha uenyekiti. Alikuwa mtu mzuri na hakuiba, na mpaka leo kuna watu hawamsalimii. Ndo maana hili neno "imetenga" linanitoa machozi kuliko rushwa yenyewe, rushwa unaweza kuikamata.

Na sisi makatibu wa wabunge tuna sehemu yetu kwenye hili, nasema wazi. Swali tunaloliandika kila siku ni "Je, ni lini Serikali itajenga". Fungua Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ya mkutano wowote uhesabu "ni lini" mwenyewe. Ni swali rahisi kuandika, mpiga kura analielewa, linatoa klipu nzuri. Lakini ni swali linaloomba ahadi, na ukiomba ahadi utapewa ahadi, halafu ahadi inazunguka kwenye simu za watu inageuka kuwa deni la mtu mwingine. Swali lenye meno linauliza kitu kilichokwisha kutokea: kiasi gani kilitengwa mwaka jana kwa maboma ya halmashauri yetu, kiasi gani kimepelekwa mpaka leo, kimeenda vijiji vipi. Hapo waziri hawezi kukujibu kwa "inatambua umuhimu", lazima aseme namba, na akisema sifuri basi sifuri imeingia kwenye kumbukumbu rasmi na mwenyekiti wa kijiji ana kitu cha kuonyesha watu wake.

Mheshimiwa wangu hakuyapenda maswali ya hivo mwanzoni. Aliniambia, kijana, watu hawataki hesabu, wanataka zahanati. Sikuwa na jibu, alikuwa sahihi.

Kuna kingine ambacho watu wengi hawakijui, na mimi mwenyewe nilikigundua mwaka wa pili. Jibu la waziri kuhusu kijiji chako mara nyingi limeanzia kwenu. Swali likifika wizarani, wizara hawana mtu anayekijua kijiji chako, wanauliza mkoa, mkoa unauliza halmashauri, idara husika inaandika maelezo, yanapanda juu yakisafishwa lugha kila ngazi mpaka yanafika kwa naibu waziri yakiwa yamenyooka kama shati la Jumapili. Kwa hiyo ukisikia uongo bungeni kuhusu kisima chenu, uongo huo inawezekana umetungwa na ofisi ambayo unaifikia kwa bodaboda.

Sisi ilitukuta. Jibu lilisema kisima cha kijiji kimoja kinafanya kazi na kinahudumia wananchi. Mimi siku tatu kabla nilikuwa pale, pampu imekufa, nina picha. Hapo ndo unaona kazi ya swali la nyongeza, lile linaloulizwa hapo hapo baada ya jibu kusomwa. Muulizaji wa swali la msingi anapata mawili, wengine wakipewa nafasi wanapata moja moja, na ya nyongeza ndo waziri hajaandikiwa. Muda wenyewe ni mfupi, wabunge ni zaidi ya 350 na kipindi ni saa moja na ushee tu, ukianza kushukuru na kupongeza dakika imeisha. Wengi wanaitumia hiyo nafasi kusema "na mimi jimboni kwangu tatizo ni hilo hilo, je, ni lini", na Spika anamwita anayefuata. Mheshimiwa wangu siku hiyo hakupongeza mtu. Alisema jibu hilo sio sahihi, pampu haifanyi kazi tangu mwezi uliopita, je, Naibu Waziri yupo tayari tuongozane akaione? Naibu akasema yupo tayari na atafuatilia. Baada ya kama wiki mbili mafundi walikuja, maji yakatoka.

Nilisherehekea sana. Miezi baadaye fundi mmoja akaniambia kile kifaa kilikuwa kimeshaagizwa kabla hata swali halijaulizwa, kilichelewa njiani tu. Sasa sijui. Labda swali lilikiharakisha, labda kingekuja siku ile ile. Nikiangalia miradi yote tuliyoiulizia na ikajengwa, siwezi kukaa mbele ya mtu nikaapa kwamba swali ndilo lililoijenga. Mingine ilikuwa kwenye mpango tayari, na ukweli ni kwamba mara kadhaa tuliambiwa na watu wa wizara "hiyo ipo mwaka huu", ndo tukaandika swali haraka ili mheshimiwa aonekane aliiuliza. Nilifanya hivo, sijivunii. Mwaka 2021 hela za barabara, milioni 500 kila jimbo kupitia TARURA, zilikwenda majimbo yote ya Bara, aliyeuliza na asiyeuliza. Kwa hiyo wale wanaopima mbunge kwa idadi ya maswali, na kuna watu wanazisambaza hizo orodha kama msimamo wa ligi, naomba waache. Maswali 40 ya "ni lini" hayalingani na moja lililomlazimisha waziri kutaja kiasi kilichotoka.

Lakini pia sikubaliani na wanaosema maswali ni maigizo, bora yafutwe. Ndio, serikali haijaanguka kwa swali la msingi. Sakata la Richmond mwaka 2008, lile la mkataba wa umeme wa dharura, mpaka Waziri Mkuu akajiuzulu, ilikuwa kamati teule (kamati ya wabunge inayoundwa kuchunguza jambo moja), sio kipindi cha maswali. Ila kamati teule haiundwi kwa ajili ya boma la zahanati. Kwa mtu wa kijijini, sentensi mbili za naibu waziri kwenye Hansard ndo mahali pekee ambapo serikali kuu imekitaja kijiji chake kwa jina na tarehe. Hiyo ni silaha ukijua kuisoma.

Baba mkubwa sikumjibu yote haya pale msibani, haikuwa mahali pake. Kesho yake asubuhi nilimchukua tukaenda ofisi ya mtendaji. Nikamwomba mtendaji atoe taarifa ya benki ya akaunti ya kijiji ya mwaka mzima, akatoa bila shida, baba mkubwa akaisoma mstari kwa mstari na miwani yake, kidole kinashuka taratibu. Milioni 50 haipo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe huyu mwenyekiti tunamuonea." Halafu akamuuliza mtendaji kwa nini hiyo karatasi haijabandikwa ubaoni na kwa nini mkutano mkuu wa kijiji haujaitishwa tangu mwaka jana wakati unatakiwa kila miezi mitatu, na mtendaji hakuwa na la kusema.

Tulikaa pale pale tukaandika swali, yeye anasema mimi naandika. Mbunge wa sasa simjui sana, tumempa diwani ampelekee kwa mkono:

"Katika mwaka wa fedha uliopita Serikali ililieleza Bunge kuwa imetenga shilingi milioni 50 kukamilisha boma la zahanati ya kijiji chetu. Je, hadi tarehe ya jibu hili, ni kiasi gani kimepelekwa, kimepelekwa tarehe ngapi, na kwenye akaunti ipi?"

Baba mkubwa alitaka tumalizie na "ni lini". Nimemkatalia.