Kuitembelea Nîmes kwa Kufuata Njia ya Maji

Wageni wengi wanaoshuka katika stesheni ya Nîmes, kusini mwa Ufaransa, hupita barabara iliyonyooka yenye miti pande zote mbili hadi mbele ya uwanja wa michezo wa Kirumi, wakapiga picha, wakala chakula cha mchana, kisha wakaondoka na treni ya jioni. Siwalaumu, kwa maana uwanja ule ni miongoni mwa viwanja vya Kirumi vilivyohifadhika vizuri kuliko vyote duniani. Lakini kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni uhandisi wa maji, ziara ya namna hiyo huanzia mwisho. Nîmes ilizaliwa na chemchemi, ikakua hadi chemchemi ikaelemewa, ikalazimika kuyaleta maji kutoka mbali; na mtu akiyafuata maji hayo tangu yanapotoka, magofu ya mji pamoja na vilima na mabonde yanayouzunguka humwelea kuwa ni jambo moja.

Chemchemi yenyewe iko chini ya kilima cha Mont Cavalier, ndani ya bustani inayoitwa Jardins de la Fontaine. Kabla ya Warumi kuja, Wakelti wa kabila la Volcae Arecomici walimwabudu hapo mungu wa chemchemi hiyo, Nemausus, ambaye mji umerithi jina lake. Warumi hawakuivunja ibada hiyo. Waliiongezea heshima ya Kaizari Augusto na kulijenga upya eneo zima. Bustani tunayoiona leo, yenye mabwawa, madaraja na sanamu, ni ya karne ya 18: katika miaka ya 1740 Jacques Philippe Mareschal, mhandisi wa mfalme, aliipanga juu ya misingi ya Kirumi iliyokuwa imefukuliwa watu walipokuwa wakitafuta namna ya kuongeza maji ya mji. Inafaa kusimama pembeni ya bwawa la chemchemi na kuyatazama maji yanavyopanda kimyakimya kutoka chini, bila mto wala kijito kinachoyaleta.

Maelezo yake yamo ndani ya mwamba. Vilima vyote vya kaskazini mwa Nîmes ni vya mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa, na waliowahi kuingia katika mapango ya Amboni kule Tanga wanafahamu maji yanavyoweza kulila jiwe la aina hiyo kwa muda mrefu. Mvua inayonyesha juu ya vilima haikai. Huzama, husafiri gizani katika mifereji iliyochongwa na maji yenyewe, kisha hutokea mahali pamoja, chini ya Mont Cavalier. Kwa sababu hiyo chemchemi haina tabia ya kudumu: mwishoni mwa kiangazi inaweza kutoa lita chache tu kwa sekunde, na baada ya dhoruba za vuli ikatapika mita za ujazo kadhaa katika sekunde hiyo hiyo moja. Nyufa zikishajaa, mwamba hauwezi tena kunywa, na maji yote hushuka juu ya ardhi kupitia mabonde makavu yanayoelekea mjini. Ndivyo ilivyotokea tarehe 3 Oktoba 1988, mvua ya zaidi ya milimita 400 iliponyesha kwa saa chache juu ya vilima hivyo. Mitaa iligeuka mito na watu wakafa. Tangu hapo mji umetumia fedha nyingi kupanua njia za maji chini ya barabara na kuchimba mabwawa ya kuyazuia mafuriko.

Kutoka kwenye chemchemi, njia za bustani hupanda katikati ya misonobari hadi Tour Magne, mnara wa mawe ambao umebaki na kimo cha mita 32 hivi. Wakelti walikuwa na mnara wao hapo. Watu wa Augusto waliufunika kwa mnara mkubwa zaidi na kuuunganisha na ukuta wa mji wenye urefu wa takriban kilomita 6. Aliye juu, siku isiyo na ukungu, huona mlima Ventoux upande mmoja, na upande wa pili tambarare inayoteremka hadi kwenye madimbwi ya Camargue, eneo la kinamasi karibu na bahari. Napendekeza kupanda asubuhi, kwa sababu ya jua na kwa sababu huko juu ndiko ramani ya safari nzima inakoonekana.

Katika mteremko wa upande wa mashariki, mahali ambapo watalii wengi hupita bila kugeuka, kuna kitu ambacho mhandisi yeyote wa maji angekipa nusu saa yake nzima. Wafaransa wanakiita Castellum: ni bwawa la mviringo lililochongwa katika mwamba, lenye kipenyo kinachokaribia mita 6, ambalo liligunduliwa mwaka 1844. Mfereji mkuu ulioyaleta maji kutoka mbali uliingilia upande mmoja, na katika ukuta wa mbele yapo matundu kumi ya mviringo ambamo mabomba ya madini ya risasi yaliyapeleka maji kwenye visima vya hadhara, bafu na nyumba za mji. Ukitazama sakafuni utaona matundu mengine matatu. Kwa kawaida hufikiriwa kuwa yalitumika kulimwaga bwawa wakati wa usafi. Matangi ya kugawia maji ya kazi hiyo, kutoka zama za Kirumi, yamebaki machache mno. La Nîmes na la Pompeii ndiyo yanayojulikana zaidi. Halina kiingilio, halina foleni, na mtu hulitazama kutoka barabarani.

Maji yakishagawiwa, shuka nayo mjini. Hekalu la Maison Carrée, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya kwanza kwa ajili ya Gaius na Lucius, wajukuu wa Augusto aliowafanya wanawe na warithi, na ambao wote wawili walikufa vijana. Inua macho juu ya nguzo za mbele. Utaona safu za vitundu vidogo: humo zilipigiliwa herufi za shaba ambazo zilikwisha kung'olewa zamani, na mwaka 1758 mwanazuoni Jean-François Séguier, mzaliwa wa Nîmes, alifaulu kuyasoma maandishi yote kwa kufuata mpangilio wa vitundu hivyo peke yake. Sijui kazi ya subira inayonigusa zaidi ya hiyo katika mji mzima.

Uwanja wa michezo nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa hauhitaji mtetezi. Una urefu wa mita 133 na upana wa mita 101, uliweza kuchukua watazamaji wapatao 24,000, na katika Zama za Kati uligeuka kuwa mtaa wenye nyumba na makanisa ndani yake, hadi nyumba za mwisho zilipobomolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Mkabala nao kuna jumba la makumbusho la Musée de la Romanité, lililofunguliwa mwaka 2018, ambalo lina sakafu za vigae vya rangi zilizofukuliwa humo mjini. Msomaji wa Afrika atapenda pia kujua kwamba mamba aliyefungwa kwenye mtende, ambaye ni nembo ya Nîmes na huonekana hata kwenye vipande vya shaba vilivyopachikwa barabarani, ametoka kwenye sarafu ya Kirumi ya mji huo, na anasimama badala ya Misri iliyoshindwa na Augusto pamoja na jemadari wake Agripa.

Huyo Agripa ndiye aliyedhaniwa kwa muda mrefu kuwa mjenzi wa mfereji wa Nîmes. Uchunguzi wa karne ya 20 umesogeza mbele tarehe ya ujenzi wake hadi katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo. Mfereji ulianzia kwenye chemchemi za Eure, karibu na Uzès, kilomita 20 tu kwa mstari ulionyooka. Lakini vilima vilivyo katikati viliulazimisha kuzunguka kwa kilomita 50 hivi, na katika urefu wote huo maji yalishuka mita 12 na kitu tu. Maana yake ni wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita. Wenzangu wa fani hii wanajua ugumu wa kuupata mteremko wa namna hiyo hata leo, tukiwa na vyombo vya leza na setilaiti. Isitoshe, mteremko haukuwa sawa kila mahali: sehemu iliyo kabla ya bonde la mto Gardon ilishushwa zaidi ili daraja la kuvuka bonde lisilazimike kuwa refu mno kwenda juu.

Daraja hilo ndilo Pont du Gard, lenye kimo cha takriban mita 49 na safu tatu za matao, ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1985. Mabasi ya abiria hulifikia kutoka Nîmes. Usiridhike na picha ya mbali. Sogea hadi chini ya matao ya chini na utaona kwamba mawe yake makubwa, mengine ya tani sita, yamekaa bila saruji, kwamba mengine yana alama zilizochongwa na mafundi kuonyesha jiwe liwekwe wapi, na kwamba mawe yanayochomoza ukutani yaliachwa hivyo ili kubeba majukwaa ya ujenzi. Barabara iliyoshikamana na safu ya chini ni ya miaka ya 1740, na aliyeijenga ni Henri Pitot, ambaye kipimo chake cha kasi ya maji tunakitumia hadi sasa. Ndani ya mfereji wa juu, kuta zimefunikwa na utando wa chokaa ulioachwa na maji kwa karne nyingi, na katika baadhi ya sehemu una unene unaokaribia nusu mita. Maji yale yale yaliyolilisha jiji ndiyo yaliyouziba mfereji wake, kwa kuwa baada ya dola ya Kirumi kuanguka hakukuwa na mtu wa kuukwangua.

Ukipanda na mto kutoka darajani, Gardon umechimba korongo katika mawe ya chokaa, na eneo hilo ni hifadhi ya bayongahewa ya UNESCO, yaani eneo linalolindwa pamoja na viumbe wake, tangu mwaka 2015. Tai wa Bonelli huzaa kwenye miamba yake, na vilima vimefunikwa na vichaka vya mialoni mifupi na mimea ya kunukia. Wakati wa kiangazi mto hutoweka kabisa katika sehemu ya korongo, kwa kuwa maji huzama ndani ya mwamba na kutokea tena mbele, kabla ya kijiji cha Collias. Kutoka Collias watu hukodi mitumbwi na kuteremka hadi Pont du Gard kwa takriban kilomita 8. Mei, Juni na mwanzo wa Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Julai na Agosti joto ni kali, na njia za vichakani huweza kufungwa kwa hofu ya moto. Kuanzia katikati ya Septemba, kabla ya kuingia mtoni ni lazima kusoma tahadhari ya mafuriko ya siku hiyo, kwa sababu mvua inayonyesha kwenye milima ya Cévennes huweza kuupandisha Gardon wakati anga la Collias bado ni jeupe.