Kabla hujafunga turbo kwenye Altezza, anza na namba 11.5

Vijana wanaoleta Altezza gereji kwangu hapa Dar huwa na swali moja. "Shikamoo fundi, turbo ya kufunga humu shilingi ngapi?" Naitikia marahaba, kisha naomba wafungue boneti. Turbo yenyewe, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa, ukizunguka Gerezani utaipata, mpya au ya mtumba. Ninachotaka waelewe kwanza ni injini wanayotaka kuifungia, maana Toyota haikuiunda ipulizwe hewa.

Nazungumzia RS200, ile yenye chasisi ya SXE10 iliyotoka Japani mwaka 1998. AS200 ina injini nyingine, 1G-FE ya silinda sita na nguvu farasi 160, na hiyo ina habari zake. RS200 inabeba 3S-GE, toleo ambalo Toyota waliliita Beams: lita mbili, silinda nne, kipenyo milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. Silinda hedi yake Toyota waliifanya pamoja na Yamaha. Ya gia za mkono inatoa farasi 210 ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Hizo ni farasi 105 kwa kila lita, bila turbo, kutoka kwenye gari la milango minne la kupelekea watoto shule. Naipenda sana injini hii, na ndiyo maana huwa mkali inapotaka kuchezewa.

Nguvu hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye valvu za titaniamu, VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti zote mbili, na mgandamizo wa 11.5 kwa 1. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nikae chini na mteja. Maana yake ni kwamba hewa na petroli vilivyojaa silinda vinabanwa hadi vibaki sehemu moja kati ya kumi na moja na nusu ya nafasi ya mwanzo. Kitu kikibanwa kinapata joto. Waliounda injini hii walilipeleka joto hilo karibu kabisa na mpaka ambao petroli inaweza kuvumilia, kwa kuwa walijua hewa inayoingia ni ile ya kawaida, inayovutwa na pistoni yenyewe.

Turbo inakuja kuvuruga hesabu hiyo. Chukua msukumo mdogo tu, bar 0.4 juu ya presha ya kawaida ya hewa. Hewa ya Dar ya nyuzi 32, ikipita kwenye turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka na nyuzi kama 76 kabla haijafika kwenye intakula, yaani kipoza hewa. Hewa hiyo ni nyingi zaidi na ni ya moto zaidi, halafu unaiingiza kwenye chumba kinachobana mara 11.5. Ndipo petroli inaanza kuwaka pembeni kwa hiari yake, baada ya plagi kupiga cheche lakini kabla moto wa cheche haujafika huko. Mioto inakutana, presha inaruka ghafla, na ndiyo ile sauti ya kokoto ndani ya kopo. Mafundi tunasema injini inagonga. Ukiwa umefungulia muziki huisikii.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko gari lako. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire, moja ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo kutoka kiwandani. Walifunga turbo kwenye V8 ya lita 3.5 na wakauacha mgandamizo juu, 10.25 kwa 1. Ili isigonge, waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanyunyizwe kwenye hewa inayoingia ili kuipoza. Kwenye makaratasi ilikuwa kazi nzuri. Barabarani wenye magari walisahau kujaza lile tangi, matatizo yakafuatana, na mwishowe kampuni ikakubali kuwaondolea wateja turbo na kuwawekea kabureta ya kawaida. Mwenzake wa mwaka huohuo, Chevrolet Corvair Monza Spyder, alishusha mgandamizo, na turbo ikadumu kwenye Corvair kwa miaka kadhaa. Kila nikiona Altezza yenye turbo na pistoni zake za kiwandani naikumbuka Jetfire.

Kuna kijana alinijia gari likiwa limevutwa kwa kamba. Alikuwa amenunua seti nzima ya turbo mtandaoni, akafungiwa mahali, kontroboksi (kompyuta ya injini) ikaachwa ileile ya kiwandani, na msukumo ukapandishwa hadi bar 0.8. Likakimbia wiki mbili. Tulipofungua tulikuta pistoni ya tatu imevunjika kingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili, vipande vimekwaruza ukuta wa silinda, na sehemu ya gasketi imeungua. Kingo kuvunjika hivyo ni alama ya kugonga. Moto wa kuzidi huyeyusha, lakini kugonga huvunja. Aliniuliza kwa nini turbo bado inazunguka vizuri kabisa. Kweli ilikuwa nzima. Haikuwa na kosa lolote.

Sasa kuna ushauri mmoja unaozunguka sana ambao siukubali: "Weka gasketi nene, mgandamizo utashuka." Twende kwenye hesabu. Silinda moja ni sentimita za ujazo kama 500. Kwa mgandamizo wa 11.5, nafasi inayobaki juu pistoni ikifika kileleni ni kama 47.6. Ukitaka 9 kwa 1 unahitaji kama 62.4. Tofauti yake, karibu 15, ukiigawa kwa eneo la duara la milimita 86, unapata unene wa milimita 2.5 za kuongeza. Hakuna gasketi ya kuaminika ya kukupa hilo. Hata ukiridhika na 10 kwa 1, bado unahitaji kuongeza milimita 1.3 na zaidi. Na kibaya zaidi, ukingo wa pistoni na hedi vimekaa karibukaribu makusudi, ili pistoni ikipanda ikamue mchanganyiko kutoka pembeni na kuukoroga kuelekea kwenye plagi. Ukivitenganisha, mkorogo unakufa, moto unatambaa polepole, na injini inaweza kugonga ikiwa na mgandamizo mdogo kuliko mwanzo. Ukitaka kushusha mgandamizo, badilisha pistoni. Weka za kufuliwa, zilizotengenezwa kwa kiwango unachokitaka, na konrodi (mikono inayoishika pistoni) imara chini yake.

Kama fedha ya pistoni haipo, ninakubali kufunga turbo kwenye injini nzima ya kiwandani kwa masharti. Msukumo hauvuki bar 0.4. Intakula iwe kubwa na ikae mbele, ipigwe na upepo. Nozeli za petroli za kiwandani zilipimwa kwa farasi 210, kwa hiyo zinatoka. Naweka za sentimita za ujazo 550 kwa dakika pamoja na pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa. Kontroboksi iwe ya kuprogramiwa, tena inayoweza kuongoza VVT-i zote mbili. Hapa wengi wanakosea. Kwenye injini inayovuta hewa yenyewe, valvu za kuingiza na kutoa zinaachwa wazi pamoja kwa muda, kwani moshi unaotoka husaidia kuvuta hewa mpya. Ukishaweka turbo, presha kwenye manifodi ya ekzosi inaweza kuzidi ya upande wa hewa, na muda uleule unarudisha moshi wa moto ndani ya silinda. Kwa hiyo naupunguza. Mchanganyiko kwenye mwendo wa nguvu nauleta karibu 11.5 za hewa kwa 1 ya petroli, na cheche naichelewesha kidogokidogo nikisikiliza injini kwa spika za masikioni zilizounganishwa na kipaza sauti kilichofungwa kwenye bloku. Matokeo ni farasi karibu 250. Anayenijia na ndoto ya 400 huwa anasikitika, lakini akilikalia gari linaloanza kuvuta tangu mizunguko 3,500, mahali ambapo Beams ya kawaida bado imelala, uso unabadilika.

Oili ninaitaja kwa ufupi, ingawa imeua turbo nyingi. Shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Bomba la kuirudisha liwe nene, lishuke moja kwa moja bila kona ya kupanda, na liingie kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likibanwa, oili itapita kwenye sili na utaona moshi wa bluu, na mtu atakuambia turbo imekufa. Gia boksi nayo, ile ya gia sita, si ya kukanyagiwa klachi kwa hasira.

Jambo ambalo sisi huku tunapaswa kulifikiria kuliko mtu wa Tokyo ni mwinuko. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ina presha kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Altezza ya kawaida inapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu zake ikifika kule. Turbo ndiyo dawa ya hilo, na si jipya: mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, na kwa turbo ikarudisha nguvu zake za usawa wa bahari. Lakini dawa ina gharama. Ili ndani ya manifodi kuwe na presha ileile ya Dar, turbo ikiwa Mbeya inabidi izidishe hewa mara 1.7 badala ya 1.4. Inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa ya baridi ya nyuzi 20 inatoka na nyuzi kama 89, moto kuliko ile ya Dar! Kwa hiyo kwa gari la safari ndefu naacha westigeti, valvu inayoupitisha moshi pembeni ili turbo isizidishe msukumo, iongozwe na springi tu. Nguvu itapungua kidogo milimani, na joto litabaki mahali ninapolijua.

Anayetaka zaidi ya farasi 300 ninamwambia aiache Beams kama ilivyo na atafute 3S-GTE, ndugu yake wa damu kutoka Celica GT-Four au Caldina GT-T. Ile ilizaliwa na turbo: mgandamizo wa 8.5 hadi 9 kutegemea toleo, na vijibomba vya kurushia oili chini ya pistoni kuzipoza. Kuigeuza ikae kwa urefu ndani ya Altezza ni kazi ya kuchomelea na ya uvumilivu.

Yule kijana wa pistoni ya tatu aliweka pistoni za 9 kwa 1, na tukaanza upya. Tulipomaliza nilisafiri naye hadi Mbeya, kompyuta ikiwa mapajani. Kitonga tulikwama nyuma ya malori mawili ya mizigo, gia ya pili, upepo hakuna, jua la saa nane. Joto la hewa inayoingia likapanda hadi nyuzi 61, rejeta ikashika 96. Niliichelewesha cheche digrii mbili kwa joto lile, palepale, nikaihifadhi. Tulipoyapita yale malori juu, joto la hewa inayoingia lilishuka hadi 44 kabla hatujafika Ilula.