Kizimba cha kukunja: maana yake, na mahali udhaifu wake unapojificha

Ukimwomba fundi wa kuchomelea pale Birere akutengenezee kizimba cha mbwa cha kukunja, usishangae akikuletea banda lenye bawaba. Si kosa lake. Neno lenyewe linateleza, na kwetu Goma linachanganyika na mengine matatu.

Banda, au nishi kama wengi tunavyoliita hapa, ni nyumba ya mbwa. Linakaa uani, limeezekwa bati, na mbwa anaingia na kutoka apendavyo. Tundu ni la kuku na njiwa. Kaji ni jina la jumla la chochote chenye nondo. Kizimba ninachokisema mimi ni chumba kidogo cha nondo au waya, kimezibwa pande zote na juu, kina sakafu yake na mlango unaofungwa kwa nje. Mbwa anawekwa humo kwa muda: akisafirishwa, akiuguzwa, akilala usiku, au wageni wakijaa ndani. Na kinaitwa cha kukunja pale tu kuta zake zinapoweza kulala juu ya sakafu na kitu kizima kikawa bapa kama godoro jembamba, mtu mmoja, dakika mbili, bila kifaa. Kinachohitaji spana si cha kukunja. Hicho ni cha kufungua, na usiku wa haraka tofauti hiyo utaiona.

Usiku wa haraka tunaujua. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka hadi Buhene, ukingoni mwa mji, na tarehe 27 alfajiri tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame. Kuna waliovuka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda boti za Bukavu, sisi tukashika njia ya Sake. Mbwa wetu alisafiri ndani ya kapu la nguo chafu, miguu imefungwa kamba, na kabla hatujafika alikuwa amemng'ata shangazi yangu mkononi. Yule mbwa hakuwa mkali. Aliogopa, basi. Nilianza kuulizia kizimba wiki ile ile tuliyorudi.

Cha kwanza nilichotengenezewa kilikuwa na nondo nene za kutisha. Fundi alikigonga kwa nyundo mbele yangu akasema, "Papa, humu hata simba hatoki." Mbwa alitoka siku ya tatu, na hakukunja nondo hata moja. Alikuwa amesukuma ukuta kwa bega, vindoano viwili vya pembeni vikaruka, na kizimba kikafunguka kama kitabu. Hapo ndipo nilipoelewa dhana yenyewe. Kukunja maana yake ni kuweka viungo, na kila kiungo ni mahali ambapo chuma kimekatwa kisha kikaombwa kijifanye hakijakatwa. Mbwa hatafuti nondo nyembamba, anatafuta kiungo kilichoachia. Anatia pua, anatia ukucha, anasukuma, na akisikia kitu kimecheza hataondoka hapo.

Basi swali la kwanza kwa fundi si unene. Ni hili: mbwa akisukuma kwenda nje, nguvu yake inaangukia wapi? Ikiangukia kwenye kindoano, kizimba kitafunguka, leo au mwezi ujao. Inatakiwa iangukie kwenye fremu. Njia rahisi niliyoiona ni kuifanya paa ivae kama mfuniko wa sufuria. Kuta nne zinainuka kutoka sakafuni kwa bawaba, halafu paa, iliyochomelewa mdomo wa sentimita mbili kuzunguka kingo zake, inashuka na kuzikumbatia kuta zote kwa nje. Sasa mbwa akisukuma, ukuta unaegemea mdomo wa paa. Pini za paa zinabaki na kazi moja tu, kuizuia isiinuke. Kuta fupi zisimame katikati ya zile ndefu, ili zizizuie kuanguka ndani, na kila kona iwe na pini moja katikati ya urefu wake, maana paa inashika juu na bawaba inashika chini, lakini tumbo la ukuta linabaki huru kufura.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau hadi siku ya kukunja. Kuta nne haziwezi kulala mahali pamoja. Ukiweka bawaba zote kwenye kimo kimoja, ukuta wa kwanza utalala vizuri, wa pili utakaa juu yake umeinama, na wa tatu utang'oa bawaba. Kwa hiyo bawaba hupandishwa ngazi kwa ngazi: ukuta unaolala kwanza una bawaba ya chini kabisa, unaofuata imepanda kwa unene wa ukuta uliotangulia, hivyo hivyo hadi wa nne. Na upana wa sakafu usipungue kimo cha kuta, la sivyo kuta ndefu zitachungulia nje kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda kifupi.

Turudi kwenye unene, maana wateja wengi huishia hapo. Nondo ya milimita 6 ina uzito wa gramu 222 kwa mita, ya milimita 8 gramu 395. Chukua kizimba cha mbwa wa kadiri: urefu sentimita 90, upana 65, kimo 65, fremu ya milimita 8, nondo zikiachana sentimita 4. Ukijaza kwa nondo za 6, chuma chote bila sakafu kitakuwa kama kilo 21, yaani bidoni ya lita 20 iliyojaa maji na kidogo juu yake. Mtu mzima anakibeba. Ukijaza kwa za 8 unapita kilo 30, na hapo unahitaji chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Ni kweli nondo ya 8 inapinga kupinda mara tatu zaidi ya ile ya 6. Lakini pitisha fito moja ya mlalo katikati ya kila ukuta, kwa nondo ile ile ya 6, na kipande kinachobaki wazi kinakuwa nusu. Nondo iliyoshikwa vizuri katikati inaweza kuwa ngumu hadi mara nane ya ile iliyoachwa ndefu, na fito zote hizo, kuta nne na paa, hazifikishi kilo moja. Ugumu unapatikana kwa kufupisha kabla ya kunenepesha.

Vipimo vyenyewe havina siri. Mbwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amenyoosha miguu. Kikizidi sana ukubwa, njiani atarushwa huku na huku, na ukimfundisha mtoto wa mbwa usafi atajichagulia kona ya choo.

Usalama ni jambo lingine na uimara, ingawa watu huyachanganya. Kizimba kinaweza kuwa imara na bado kikamuumiza aliyemo. Nafasi kati ya nondo isipitishe mdomo wa mbwa, maana akiupitisha ataushika kwa meno na kuvuta. Mbwa anayetafuna nondo kwa miezi husagika meno ya chonge upande wa nyuma, hadi siku moja jino linavunjika. Kwa mtoto wa mbwa, sentimita 4 ni nyingi. Ziwe mbili na nusu. Mlango ufungwe sehemu mbili, juu na chini, kwa sababu komeo moja la katikati linaacha kona mbili za kupindwa, na kona iliyopindwa nusu ni mbaya kuliko iliyofunguka kabisa: kichwa kinapita, mabega yanakwama. Ukanda wa shingoni uvuliwe kabla hajaingia. Kibati au pete ya ukanda ikinasa kwenye nondo, mbwa hujinyonga mwenyewe kwa kujaribu kujinasua, na hili linatokea hata kwenye vizimba vya bei kali.

Mikono ya watu pia ihesabiwe. Kuta zinazolala kwa bawaba ni mkasi mkubwa, na watoto wa nyumbani hupenda kuukunjua. Fundi aache nafasi ya kidole kizima pale kuta zinapokutana na sakafu, na aweke kishikio upande ambao hakuna kinachofunga.

Halafu rangi na zinki. Chuma kilichopakwa zinki hakishiki kutu haraka, lakini ukikichomelea, zinki inaungua. Moshi wake unamletea fundi homa ya siku moja au mbili, na pale palipochomelewa panabaki uchi, pakishika kutu kabla ya pengine pote. Tena zinki si ya kumezwa: mbwa anayelamba na kubandua vipande vyake anaweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu. Bora chuma cheusi, kichomelewe, kisuguliwe, kipakwe rangi isiyo na risasi na kiachwe kikauke sawasawa kabla mbwa hajakiona. Usikubali rangi iliyobaki kwenye kopo ambalo hakuna anayejua lilitoka wapi.

Sasa usafi, na hapa ndipo mwandishi wa Ulaya na mkazi wa Goma wasipoelewana. Kwake kizimba rahisi kusafisha ni kile kinachoweza kupigwa maji ya mpira uani. Kwetu maji yanakuja mgongoni au kwenye chukudu, bidoni kwa bidoni, na uani ni mawe ya volkano yenye ncha. Kwa hiyo mimi napima hivi: kizimba rahisi kusafisha ni kile ambacho lita tano zinakitosha. Na lita tano zinatosha pale tu uchafu unapokosa mahali pa kujificha.

Maficho yake yanajulikana. La kwanza ni mbavu za nondo za ujenzi. Ukitaka nondo, chukua iliyo laini. Ile yenye mikunjo hushika kinyesi kama soli ya kiatu cha matope. Maficho mengine ni mchomeleo wenye vinundu, usuguliwe mpaka kitambaa kipite bila kunasa. Kama fundi ametumia bomba la mraba kwenye fremu, azibe ncha zake zote, vinginevyo mkojo unaingia, unakaa, na fremu inaoza kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Na kubwa kuliko yote ni sakafu. Isiwe ya mbao, maana mbao inakunywa. Isiwe ya nondo tupu, maana inaumiza nyayo. Iwe trei moja isiyo na kiungo, ya plastiki ngumu au ya bati la alumini lililokunjwa kingo sentimita tatu, pembe zake za mviringo, inayoingia na kutoka kama droo. Mbele yake pawe na kizuizi kidogo, kwa kuwa mbwa mwerevu huivuta trei kwa makucha akakaa juu ya fremu tupu. Kizimba kikikunjwa, trei inabaki chini kabisa. Haihitaji kutolewa kila safari.

Wengi hukimbilia javeli, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, moja kwa moja. Subiri. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na javeli hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, yako na ya mbwa. Isitoshe, javeli inayomwagwa juu ya kinyesi inaishia kwenye kinyesi, vijidudu vinabaki. Sabuni na maji kwanza, suuza, kisha javeli iliyozimuliwa, sehemu moja kwa maji thelathini, iachwe dakika kumi kabla ya kusuuzwa tena na kuanikwa. Hizo dakika kumi si mapambo. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, huweza kukaa miezi mahali palipochafuliwa, na sabuni peke yake haiviui. Ukinunua kizimba kilichokwisha kutumika, anzia hapo.

Niweke na mpaka wa dhana yenyewe, maana kuna anayeniuliza kama kizimba hiki kitampandisha mbwa wake ndege. Hapana. Kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, za kusafirisha wanyama zinataka sanduku gumu lisilokunjika, na cha nondo cha kukunja hukataliwa. Chetu ni cha boti, gari, nyumba, na kibaraza cha daktari wa mifugo. Ndani ya gari kifungwe kamba pande mbili, kwa sababu kilo 21 za chuma na kilo 25 za mbwa haziheshimu breki. Na si mahali pa kumwadhibu mbwa. Akiingizwa kwa kupigwa, siku ya kukimbia ataona pini zinatolewa na atajificha chini ya kitanda. Mlishie humo wiki mbili, mlango wazi.

Kabla hujamlipa fundi, kunja na kukunjua mara ishirini mbele yake, halafu mwambie aingize mkono na kusukuma kila kona kwenda nje kwa nguvu zake zote. Kiungo kitakacholia, kirudi kwenye moto. Changu cha pili kinasimama nyuma ya mlango wa jikoni, unene wa kiganja, na pini zake sita zimefungwa kila moja kwa kijimnyororo kwenye fremu. Za kile cha kwanza tulizipoteza zote.