"Editi yake kali": ninayoyasikia kila muvi ikiisha, na ukweli wake

Jumamosi iliyopita tulijazana sebuleni kwa rafiki yangu Tabata, watu kumi na wawili, tukaangalia muvi moja ya mapigano. Majina yalipoanza kupanda tu, jamaa mmoja anayejua kazi yangu akanigeukia, akasema kwa heshima zote: "Kaka, hii editi yake ni ya moto. Ule mlipuko wa darajani umeuona?"

Nikanywa soda yangu, nikanyamaza. Nina miaka kumi na nne kwenye chumba cha uhariri, na maneno hayo nimeshayasikia kwa wateja, kwa wajomba, hata kwa produza aliyekuja kunilipa kazi niliyomfanyia. Leo nayajibu, na mengine machache nitayapitia humohumo.

"Editi ni milipuko, rangi na maandishi yanayoruka"

Hapana. Mlipuko ni kazi ya watu wa efekti. Ile bluu ya usiku ina mtu wake wa rangi. Maandishi nayo yana fundi wake. Kwetu Bongo bajeti ikiwa nyembamba yote hayo anayafanya mtu mmoja kwenye kompyuta moja inayochemka, na nadhani ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Lakini fundi mwashi akijua na kupaka rangi, kupaka rangi hakugeuki kuwa uashi. Mhariri anaamua uone nini, ukione kwa muda gani, na baada yake uone nini. Basi, hayo tu, na humo ndimo muvi inapona au inakufa.

Niliwahi kuhariri sini ya mama anayepigiwa simu kuambiwa mwanawe amefariki. Ilipigwa mara sita. Mara zote sita dada yule alilia kilio cha kweli: magoti chini, mikono kichwani, kamasi na kila kitu. Kila kipande nilichoweka kilikuwa kelele. Usiku, nimeshachoka, nikakirudisha kipande cha nne mpaka mwanzo kabisa, kabla mwongozaji hajasema waanze. Dada amekaa kwenye kochi, simu mkononi, anamsubiri mtu wa sauti amalize kurekebisha maiki. Anaangalia ukuta. Hana habari kwamba kamera imeshawashwa. Nikachukua sekunde nne za pale, nikazipachika mara tu sauti ya simuni iliposema "pole mama", kilio chote nikakitoa.

Siku ya kuionyesha, mama mmoja nyuma yangu akanong'ona: "Maskini, analia kwa ndani." Mwigizaji mwenyewe aliniambia baadaye kwamba pale alikuwa anawaza kama atapata daladala ya Mbagala usiku ule.

Wala si ujanja nilioubuni mimi. Mwongozaji Mrusi, Lev Kuleshov, alilionyesha jambo hili kama karne moja iliyopita. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mkavu usio na hisia yoyote, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu jamaa kwa kuigiza njaa, majonzi na tamaa, kumbe uso ni uleule. Kwa hiyo unapotwambia fulani "kaigiza balaa", inawezekana kabisa unamsifu mtu mwingine, aliyekaa gizani na kikombe cha kahawa iliyopoa.

Au chukua sini ya bafuni kwenye *Psycho* ya mwongozaji Hitchcock, ya mwaka 1960. Ilichukua siku saba kuipiga, na shambulio lenyewe halifiki hata dakika moja. Watu huapa wamekiona kisu kikizama mwilini. Irudie polepole: kisu, mdomo, maji, mkono, pazia. Kisu na ngozi karibu havikutani. Unayevikutanisha ni wewe. Na damu ile ni sosi ya chokoleti, maana kwenye picha nyeusi na nyeupe nani atajua?

Dhana hii ya kwamba editi ni milipuko ina mdogo wake, anayesema editi nzuri ni ile inayokwenda mbio. Huyu ndiye anayenimaliza kabisa. *Mad Max: Fury Road* ya 2015 inakwenda mbio kweli, na mhariri wake, Margaret Sixel, aliipatia Oscar ya uhariri. Mama huyu alikabidhiwa picha za saa zipatazo 480, nyingi zikiwa zimepigwa jangwani Namibia, akatoka na muvi ya saa mbili. Lakini angalia jinsi ilivyofanyika: kitu unachotakiwa kukiona kimewekwa katikati ya fremu karibu kila kipande, ili picha ikibadilika jicho lisianze kukitafuta. Ndiyo maana magari yanapishana kama nyuki na bado unajua nani yuko juu ya gari gani. Sasa linganisha na ngumi za muvi zetu nyingi. Stelingi anarusha ngumi kushoto, adui anaangukia kulia, nyumba nzima inaulizana nani kapigwa. Hapo mhariri hana kasi yoyote. Ngumi ilikosewa lokesheni, naye akaambiwa aifiche.

Ukitaka kusema jambo la maana kuhusu uhariri, acha milipuko, kumbuka dakika uliyoshika simu yako. Wenzangu nimewazoesha hivyo, wamenichoka lakini wanafanya: andika pembeni, "dk. 41, nimejibu meseji". Tukikuta watu watano wameandika kati ya dakika ya 38 na ya 43, pale pana jambo, tunarudi kuliangalia. Mara nyingi tunakuta habari tumeshapewa na tunapewa tena. Au tunakuta geti. Nyinyi mnalijua geti la Bongo muvi: honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, linapaki, mlango, kiatu, ngazi, mlango mwingine, "hodi". Zama za DVD hadithi moja iliuzwa sehemu ya kwanza na ya pili, kwa hiyo muvi ilitakiwa irefuke, na mhariri aliyependekeza geti likatwe alikuwa anamkatia mtu pesa yake. DVD zimekufa, geti limebaki.

"Itarekebishwa kwenye editi"

Hii ni ya wateja, lakini siku hizi hata watazamaji wanayo: "Wangeirekebisha tu kwenye editi." Kipande ambacho hakikupigwa siwezi kukikata. Sauti iliyorekodiwa jirani na jenereta itabaki na jenereta yake. Tuendelee.

"Ina asilimia 95, maana yake ni tisa na nusu kwa kumi"

Asilimia ya Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si alama ya mtihani. Inahesabu wahakiki wangapi kati ya waliohesabiwa wameipenda, hata kama wameipenda kidogo tu. Wahakiki 100 wakiangalia muvi, 95 wakasema "si mbaya, sita kwa kumi", inapata 95. Nyingine wamegawana katikati, nusu wanaitukana na nusu wanaona ndiyo muvi ya maisha yao, inapata 50. Mimi hiyo ya 50 ndiyo naikimbilia, na ndiyo itakayotupa cha kubishania mpaka usiku.

"Lakini mwanzoni wameandika ni kisa cha kweli"

*Fargo* ya 1996 inaanza kwa kutangaza kwamba ni kisa cha kweli kilichotokea Minnesota mwaka 1987. Ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, walikitunga. Subiri majina yapande mpaka mwisho, wenyewe wameandika kwamba watu waliomo ni wa kubuni. Maandishi ya mwanzo wa muvi ni sehemu ya muvi. Acheni kuyafanya kiapo cha mahakamani.

"TV yangu mpya inaonyesha picha laini, kama uko palepale"

Ndiyo tatizo lenyewe. Filamu kwa kawaida hupigwa fremu 24, yaani picha 24 za mnato, kwa sekunde. TV yako haijaridhika, inabuni fremu zake na kuzichomeka katikati, na muvi ya mamilioni ya dola inaanza kufanana na tamthilia ya saa kumi jioni. Kisha unakuja kutwambia "wamepiga picha kama igizo". Mwaka 2018 Tom Cruise alitoa video nzima kuwasihi watu waizime hiyo kitu. Kwenye Samsung ni Auto Motion Plus au, kwa zile mpya, Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Zima leo. Nikialikwa kwa mtu kuangalia muvi, kabla hata sijakaa naomba rimoti, na mke wangu huwa anaona aibu.

"Hiyo? Nimeshaiona zamani"

Umeionea wapi? Kama ni kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, na DJ anaitafsiri muvi kwa sauti yake juu ya ile ya muvi, umeona nusu, na hapa najua nitagombana na watu. Mimi mwenyewe nimelelewa na sauti ya Lufufu, na ndugu zetu wa Kenya wana DJ Afro wao, sitaki asemwe vibaya hata mmoja. Lakini yule ni msimulizi. Anawapa watu majina, anatia utani wake, pengine anaongeza na kisa kizima. Ukiniambia maongezi ya muvi fulani yanachekesha, lazima nikuulize: ya nani?

Kwa miaka mingi nilikuwa nawasimulia watu maneno ambayo stelingi mmoja alimwambia adui juu ya ghorofa, kabla ya kumpiga teke la kumwangusha. Maneno makali, mtaa mzima tuliyakariri. Nilipokuja kuiona bila DJ, nimeshakuwa mhariri, stelingi hakufungua mdomo. Alimtazama tu. Sekunde mbili, kisha teke. Mhariri alikuwa ameuacha ukimya ule kusudi, na DJ, mjanja yule, aliuona: ndipo pekee alipopata nafasi ya kuingiza maneno yake.