Bibi naye anahitaji kifungu chake

Katika kazi yangu ya uwakili hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), kesi za wazee zinazoniuma zaidi huanza na neno moja: mlozi, yaani mchawi. Mtoto ameugua, au kijana amekosa kazi kwenye kampuni ya madini. Kikao cha ukoo kinaitishwa, na macho yote yanamgeukia bibi mjane aliyebaki peke yake kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake chenye nyumba, kule mtaa wa Katuba.

Mtoto akiitwa mlozi, sheria iko wazi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006 kinakataza, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa msingiziaji kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Si lazima mtoto apigwe kwanza. Kule kumsingizia tu ni kosa.

Bibi yake hana kifungu kama hicho. Katiba, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya ulinzi maalum, lakini Kanuni ya Adhabu inayotuongoza bado ni ile ya 1940. Humo tunaambulia kifungu cha 74, cha kumvunjia mtu heshima: kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1. Na hapo uthibitishe nia mbaya, jambo mahususi alilosingiziwa, tena kwamba lilisemwa hadharani. Sasa kikao cha ukoo kinafanyika sebuleni, mlango umefungwa. Mpwa anasema, "Mama mkubwa, watoto wanakwisha kwa ajili yako." Utasemaje ni hadharani? Kanuni hiyo inaadhibu pia vipimo vya kishirikina, kama kumnywesha mtu dawa ili ajulikane ni mlozi au la. Ila kufikia hapo, mwili umeshaumia.

Fungua jalada vizuri, mara nyingi utakuta kinachogombewa ni parseli. Bibi amekimbilia kwa binti yake, hati zimebaki kabatini, na nyumba ina wapangaji wapya. Wajane, nawasihi: toeni nakala za hati, mzihifadhi kwa mtu wa nje ya ukoo.

Itifaki ya Umoja wa Afrika ya 2016 kuhusu haki za wazee inazitaka nchi ziharamishe mila zinazowadhuru wazee, na inataja waziwazi shutuma za ulozi. Wabunge wetu waanzie kwenye sheria ya 2009: ulinzi ule umfikie mzee, sebuleni na kwenye chumba cha maombi vilevile, na adhabu iongezwe kwa anayefaidika na mali. Parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, nayo iweze kufungua kesi bila kungoja malalamiko, kwa sababu bibi anayelishwa na mpwa wake hatakwenda kumshtaki.